Wema na Uovu wa Wachawi Wanawake katika Hadithi za Fantasia

Mchawi mwanamke mwenye nguvu kubwa ni mhusika mkongwe kuliko riwaya yenyewe. Yumo katika tenzi za Wagiriki wa kale, yumo katika visa vya Mfalme Arthur wa Uingereza, yumo katika ngano za Ujerumani, na leo ni nadra kupata mfululizo mkubwa wa vitabu vya fantasia usiokuwa naye. Swali linalomwandama popote aendapo ni lilelile: je, huyu ni mwema au mwovu? Kwa karne nyingi jibu lilitafutwa kwa kumkagua mwanamke mwenyewe: sura yake, umri wake, kama ana mume au anakaa peke yake msituni. Katika miaka 125 hivi iliyopita waandishi kadhaa wameigeuza kesi hiyo. Wanaangalia anawatendea nini watu wasio na uwezo kama wake, na hasa anaifanyia nini hiari yao. Mageuzi hayo yalichukua muda, na wapo waandishi ambao hadi leo hayajawafikia.

Mfano wa kale ulio kamili ni Circe, katika utenzi wa Odyssey wa Homer. Anaishi kisiwani, nyumba yake imezungukwa na simba na mbwa mwitu waliopoa wanaotikisa mikia. Mabaharia wa Odysseus wanapofika anawakaribisha ndani, anawachanganyia jibini, unga wa shayiri, asali na divai, anatia dawa, kisha anawagusa kwa fimbo yake. Wanageuka nguruwe, ila akili zao zinabaki za binadamu, kwa hiyo wanalia zizini wakijua fika yaliyowapata. Odysseus anaokolewa na mmea aliopewa na mungu Hermes. Anamchomolea Circe upanga, na kabla ya jambo jingine lolote anamtaka aape kwamba hatamdhuru. Circe anaapa, na hapo kisa kinageuka. Mabaharia wanarudishiwa maumbo yao wakiwa vijana na wazuri kuliko awali, wanalishwa na kunyweshwa mwaka mzima, na mwenyeji wao anamfundisha Odysseus njia ya kwenda kuzimu na hatari zilizo mbele yake baharini.

Homer hasemi hata mara moja kwa nini mwanamke huyu aliwageuza wageni kuwa nguruwe. Ndivyo alivyo, na kinachomtuliza ni kiapo. Pengo hilo lilijazwa na mwandishi wa Marekani, Madeline Miller, katika riwaya yake Circe ya mwaka 2018. Huyu wa Miller anaanza kuwageuza mabaharia baada ya nahodha mmoja, aliyempa chakula na malazi, kumbaka. Nguruwe ni walewale, kesi imekuwa nyingine.

Morgan, dada wa Mfalme Arthur, yeye aliporomoka. Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika kwa Kilatini karibu mwaka 1150, anamtaja kama mkuu wa wanawake tisa wa kisiwa cha Avalon, mjuzi wa mitishamba na mponyaji, tena mwenye uwezo wa kuruka angani na kubadili umbo. Hana doa. Mwaka 1485, kitabu cha Thomas Malory, Le Morte d'Arthur, kilipochapishwa, Morgan alikuwa ameshakuwa adui wa kaka yake: anaiba ala ya upanga wake iliyokuwa ikimkinga na jeraha, na anamtumia joho linalomteketeza anayelivaa. Hata hivyo sura ya zamani iligoma kufutika. Arthur anapokuwa mahututi baada ya vita vyake vya mwisho, miongoni mwa malkia wanaokuja kwa mashua kumchukua Avalon yumo Morgan huyohuyo.

Malory aliandika katika zama ambazo Ulaya ilikuwa inaanza kuwasaka wachawi. Katika miaka hiyohiyo ya 1480, mtawa wa Kidominika aitwaye Heinrich Kramer alitoa Malleus Maleficarum, mwongozo wa kuwatambua na kuwahukumu wachawi, uliodai kwamba wanawake huingia katika uchawi kirahisi kwa sababu imani yao ni dhaifu na tamaa zao ni nyingi. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi tangu karne ya 15 hadi ya 18, na takribani robo tatu yao walikuwa wanawake. Ngano zilizokusanywa baada ya moto huo kuzimika zilibaki na majivu yake. Bibi kizee anayetaka kuwala watoto katika kisa cha Hansel na Gretel, kilichochapishwa na ndugu wawili wa ukoo wa Grimm kuanzia mwaka 1812, hana jina wala historia. Anatambulika kwa uzee, kwa kukaa peke yake, na, katika matoleo ya baadaye ya ngano hiyo, kwa macho mekundu.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu alama hiyo ya mwisho. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi dhidi yao mara nyingi ulikuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Sheria ya Uchawi imekuwepo tangu mwaka 1928, enzi za ukoloni, lakini sheria haikuyazuia mapanga hayo. Ndiyo maana si mchezo mtu anapoandika hadithi ambayo ubaya wa mwanamke unasomwa usoni.

Mageuzi katika fasihi ya Kimagharibi yanaweza kuanziwa mwaka 1900, L. Frank Baum wa Marekani alipotoa The Wonderful Wizard of Oz. Baum alifanya jambo lililokuwa geni kwa watoto wa wakati wake: aliwaweka wachawi wanawake wema kando ya wale wabaya. Inaaminika kwamba mkono wa mama mkwe wake ulikuwemo. Huyo alikuwa Matilda Joslyn Gage, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1893 aliandika kwamba misako ya wachawi Ulaya ilikuwa vita dhidi ya wanawake wenye maarifa.

Kipimo cha wema katika kitabu cha Baum kimejificha ndani ya kofia. Kofia ya Dhahabu inampa mwenye nayo amri tatu juu ya Nyani Wenye Mabawa, nao hawana budi kutii. Mchawi Mbaya wa Magharibi aliitumia kuwatia utumwani watu wa nchi nzima. Kofia inapofika mikononi mwa Glinda, mchawi mwema wa Kusini, anatumia amri zake kuwapeleka watakako rafiki watatu wa Dorothy, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, kisha anamkabidhi mfalme wa nyani kofia yenyewe ili yeye na wenzake wawe huru milele. Ni kweli kwamba Glinda hakuwaachia huru kabla ya kumaliza amri zake zote tatu, na msomaji mkali anaweza kumdai maelezo. Lakini tofauti kati ya wanawake hao wawili imewekwa mahali panapostahili.

Filamu ya mwaka 1939 iliupunguza uzito huo. Ndani yake Glinda anamwambia Dorothy kwamba wachawi wenye sura mbaya ndio wabaya, na mchawi wa Magharibi anapakwa rangi ya kijani mwili mzima, rangi ambayo Baum hakuitaja. Gregory Maguire aliishika rangi hiyohiyo katika riwaya yake Wicked ya mwaka 1995 na kuifanya kuwa kiini cha dhuluma: mtoto aliyezaliwa wa kijani anakua akichukiwa, anasimama dhidi ya serikali inayowanyima haki wanyama wenye kusema, na serikali ndiyo inayompa jina la mwovu. Riwaya hiyo ilizaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uliofika Broadway mwaka 2003, na filamu mbili za mwaka 2024 na 2025. Ubaya wa mbinu hii ni kwamba ni rahisi kuinakili. Tangu wakati huo kila mchawi wa kale amekuwa akitafutiwa utoto wenye uchungu, utadhani jeraha lolote linatosha kuwa utetezi.

Waingereza wawili waliokuwa marafiki huko Oxford, C.S. Lewis na J.R.R. Tolkien, walilichukua suala hili upande wa kishawishi. Katika The Magician's Nephew ya mwaka 1955, Lewis anamleta Malkia Jadis wa mji wa Charn. Alipokuwa anashindwa vita na dada yake, Jadis alitamka neno moja la siri lililoua kila kiumbe hai duniani mwao isipokuwa yeye. Anasimulia hayo bila aibu: raia walikuwa mali yake, walikuwepo kwa ajili ya kutimiza matakwa yake, na sheria za watu wa kawaida hazimhusu mtu mkubwa. Lewis aliongeza kitu ambacho wengi husahau. Maneno karibu hayohayo yalishatoka kinywani mwa Mjomba Andrew, mzee wa London mwenye uchawi wa kubahatisha, aliyemtuma mtoto wa jirani kwenye ulimwengu usiojulikana ili ajaribie pete zake. Mvulana Digory anaufananisha usemi wa malkia na wa mjomba wake papo hapo. Kosa, basi, limetenganishwa na jinsia. Anayejiona yuko juu ya wengine kiasi cha kuwatumia kama vifaa ametenda kosa moja, awe malkia mrefu wa kutisha au mzee mwoga mwenye nywele za mvi.

Galadriel wa Tolkien, katika kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings cha mwaka 1954, anapewa mtihani uliogeuzwa. Frodo, aliyebebeshwa Pete yenye nguvu za kutawala, anamtolea pete hiyo kwa hiari yake. Bibi huyu ameitamani kwa muda mrefu, na kwa kitambo kifupi anajiona akiwa malkia anayependwa na kuogopwa na wote. Anaikataa, akijua kwamba kukataa kunamaanisha kupungukiwa nguvu na hatimaye kuiacha nchi yake. Sam, mtunza bustani, anasikitika, kwa maana anaamini Galadriel angeiweka dunia sawa. Jibu la Galadriel ndilo fundisho la Tolkien kwa ufupi: kweli ingeanza kwa kuweka mambo sawa, ila isingeishia hapo.

Kasoro ya mtihani huo ni kwamba mwanamke anasifiwa kwa kujizuia tu. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2018, aliingia katika mtego mkubwa zaidi na alitumia miaka 30 kujitoa. A Wizard of Earthsea, cha mwaka 1968, kinaeleza visiwa ambavyo shule yake ya uchawi huko Roke ni ya wanaume watupu, na uchawi wa wanawake wa vijijini unadharauliwa kwa methali kwamba ni dhaifu na una uovu. Kitabu hakiipingi methali hiyo. Mwaka 1990 Le Guin alirudi visiwani humo na Tehanu. Mhusika mkuu ni Tenar, mjane wa makamo anayemlea mtoto aliyechomwa moto na watu wake. Mchawi mkubwa wa vitabu vya mwanzo yumo, lakini amepoteza uwezo wake na anajifunza kuchunga mbuzi. Katika Tales from Earthsea ya mwaka 2001 mwandishi akamalizia kazi: shule ya Roke ilianzishwa na wanawake pamoja na wanaume, kisha wanawake wakafungiwa mlango na historia ikaandikwa upya. Methali ya kitabu cha kwanza ikageuka kuwa kauli ya walioshinda. Waandishi wachache wamewahi kujisahihisha hadharani kwa ujasiri kama huo, bila kubadili hata herufi ya kitabu cha zamani.

Aliyelifikiria suala la maadili kwa kina kuliko wote, hata hivyo, ni mwandishi wa vichekesho. Terry Pratchett wa Uingereza aliandika vitabu kadhaa kuhusu Granny Weatherwax, mchawi mzee wa nchi ndogo ya milimani iitwayo Lancre. Granny ni mkali, ana kiburi, hana mume, na ana uwezo wa kutisha. Kazi zake za kila siku ni kuzalisha, kutibu, kukesha na wanaokufa na kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Uchawi hautumii isipokuwa imebidi. Mara nyingi anatumia imani ya watu wenyewe: anampa mgonjwa chupa ya maji yenye rangi pamoja na masharti magumu, na mgonjwa anapona.

Witches Abroad, cha mwaka 1991, kinamkutanisha na dada yake Lilith, anayeutawala mji wa Genua kwa nguvu za hadithi. Lilith anataka kila kitu kiwe kama katika ngano: mtumishi maskini aolewe na mwana wa mfalme, fundi wa vinyago awe mcheshi na apige miluzi. Fundi asiyepiga miluzi anatiwa ndani. Lilith haamini hata kidogo kwamba ni mwovu. Kwa hesabu yake yeye ndiye mwema, kwa kuwa anawapa watu mwisho mwema. Ukatili wa wema huo unaonekana msituni, njiani kuelekea Genua, Granny na wenzake wanapomkuta mbwa mwitu aliyelazimishwa kuwa mhusika wa kisa cha msichana na bibi yake. Ameingizwa fikra za binadamu kichwani, hawezi tena kuwa mnyama na hawezi kuwa mtu. Hajui kuwinda, anakufa njaa, na ombi lake ni moja tu: auawe. Granny anamtaka mkata kuni afanye hivyo kwa shoka, kisha anadai mnyama azikwe kwa heshima. Hasira yake tangu hapo haipoi.

Kinachofuata ndicho kinachokipa kitabu uzito. Granny anamwambia dada yake kwamba Lilith alipoondoka nyumbani na kujifurahisha na nguvu zake, yeye alibaki bila chaguo: ilimbidi awe dada mwema. Hakuwa na tabia njema ya kuzaliwa. Angeweza kuwa mbaya kupindukia, na anajua angekuwa hodari. Anaamka kila siku na kuchagua. Mwishoni wote wawili wananaswa ndani ya vioo vyenye taswira zao zisizo na idadi, na kila mmoja anaambiwa amtafute aliye wa kweli. Lilith anakimbia kutoka taswira hadi taswira. Granny anajitazama mwenyewe na kutoka. Miaka saba baadaye, katika Carpe Jugulum, Pratchett anampa nafasi ya kumweleza padri kijana msimamo wake: dhambi huanza pale mtu anapotendewa kama kitu. Padri anaona jambo haliwezi kuwa rahisi hivyo. Mzee hatikisiki.

Pratchett aliongeza kinga ya kijamii ambayo waandishi wengine hawakuifikiria. Wachawi wake hutembeleana mara kwa mara kunywa chai na kuchunguzana. Mchawi anayekaa muda mrefu bila mtu wa kumbishia huanza kucheka peke yake, na wote wanajua kicheko hicho kinaelekea wapi.

Robert Jordan wa Marekani alijaribu kinga ya aina nyingine, ya kisheria. Katika mfululizo wake wa The Wheel of Time, vitabu 14 vilivyotoka kati ya 1990 na 2013 (vitatu vya mwisho vilikamilishwa na Brandon Sanderson baada ya Jordan kufariki mwaka 2007), uchawi wa wanaume umetiwa sumu na huwatia wazimu. Nguvu iliyo salama iko kwa wanawake wa Mnara Mweupe, waitwao Aes Sedai. Ili dunia iwaamini, kila mmoja anafungwa na viapo vitatu: hatasema neno lisilo kweli, hatatengeneza silaha ya mtu kuulia mtu, na hatatumia nguvu zake kama silaha isipokuwa dhidi ya watumishi wa giza, au pale maisha yake, ya mlinzi wake au ya mwenzake yako hatarini. Viapo vinashika mwili, havivunjiki kwa kutaka tu.

Matokeo yake ni darasa zima la maadili. Wanawake wasioweza kusema uongo wamegeuka mabingwa wa kudanganya kwa maneno ya kweli, na watu wa kawaida wameacha kuwaamini kabisa. Viapo vinawazuia kuua, lakini havisemi lolote kuhusu hiari. Mmoja wao, Alanna, anamfunga Rand, shujaa wa mfululizo huo, kuwa mlinzi wake bila kumwomba ridhaa, na wenzake wanalitazama tendo hilo karibu sawa na ubakaji ingawa hakuna kiapo kilichovunjwa. Upande wa pili wa bahari Jordan ameweka jibu la kikatili zaidi: taifa la Seanchan huwavisha wanawake wenye nguvu kola ya shingoni yenye mnyororo, na mwanamke mwingine hushika mnyororo huo na kuwaongoza kama silaha za vita. Siri inayofichuka katika kitabu cha pili ni kwamba kola hiyo huwashika pia wanaoshika mnyororo, kwa sababu nao wangeweza kujifunza uchawi uleule. Wanaowafunga wenzao wangestahili kufungwa kwa sheria yao wenyewe.

Sinema na vitabu vya katuni vimekuwa vizito kujifunza. Huko umeenea mtindo wa mwanamke anayepata nguvu nyingi mno, anachanganyikiwa, anaharibu, kisha anakufa au anapokonywa. Jean Grey, katika katuni za X-Men za mwaka 1980, aliiteketeza sayari yenye viumbe bilioni tano. Mhariri mkuu wa Marvel, Jim Shooter, alishikilia kwamba mauaji ya kiasi hicho hayawezi kupita bila adhabu, na waandishi wakabadili mwisho ili Jean afe. Shooter alikuwa na hoja kuhusu viumbe bilioni tano. Kinachotia shaka ni kwa nini wazimu wa aina hii umewaangukia wanawake mara nyingi hivyo. Wanda Maximoff, mhusika mwingine wa Marvel, aliufuta uwezo wa karibu jamii nzima ya wenzake kwa neno la uchungu katika katuni za mwaka 2005. Katika tamthilia ya WandaVision ya mwaka 2021 aliwafunga wakazi wa mji mzima wa Westview ndani ya ndoto yake ya ndoa, wakibeba majonzi yake hata usingizini. Tamthilia inamalizika kwa mwenzake kumwambia kwamba wakazi hao hawatajua alichojitoa kwa ajili yao, kauli ya ajabu kuambiwa mtekaji. Mwaka uliofuata filamu ikamfanya muuaji kamili. Mara zote mbili waandishi walikimbia kazi ya kumtaka awajibike kwa watu wale kwa majina yao.

Tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer ilifanya vizuri zaidi miaka 20 kabla. Willow, mchawi wa tamthilia hiyo, alimfutia mpenzi wake Tara kumbukumbu ya ugomvi wao ili nyumba itulie, na Tara alipogundua, akaondoka. Maangamizi ya Willow ya mwaka 2002, akilipiza kisasi cha kifo cha Tara, yalikuwa na mzizi katika dhambi hiyo ndogo ya chumbani. Hermione wa J.K. Rowling naye aliwabadili wazazi wake kumbukumbu na kuwapeleka Australia ili wanusurike vita, katika kitabu cha mwaka 2007, na hakuna aliyemlaumu. Nia yake ilikuwa safi na hatari ilikuwa ya kweli, lakini wazazi hawakuulizwa. Rowling alilipita jambo hilo kwa aya chache; lilistahili sura nzima.

Swali gumu kuliko yote limeletwa na waandishi wenye asili ya Afrika: vipi ikiwa mchawi ndiye mtumwa? N.K. Jemisin, Mmarekani mweusi, alishinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kwa vitabu vitatu vinavyoanza na The Fifth Season. Ndani yake wapo watu wanaoweza kutuliza au kuamsha matetemeko ya ardhi, nao wanadharauliwa, wanauawa na majirani, au wanafugwa na dola. Syenite, mwanamke wa tabaka hilo, anaonyeshwa kituo kimoja cha kuzuia matetemeko: mtoto amefungwa kitini, ameharibiwa ubongo na kupigwa ganzi ya dawa, mirija imemwingia mwilini, ili uwezo wake ufanye kazi bila yeye kuwa na utashi wowote. Baadaye, maadui wanapokaribia kumkamata, anamziba pumzi mwanawe wa kumzaa ili asifikie kiti kile. Medea wa Wagiriki aliua watoto wake kumlipiza mume. Syenite anaua kwa hesabu nyingine kabisa, na Jemisin hamtakasi wala hamlaani. Anamfanya abebe tendo hilo hadi mwisho.

Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye wazazi Wanigeria, alikwenda mbali zaidi katika Who Fears Death ya mwaka 2010, iliyopata tuzo ya World Fantasy. Kisa kiko Sudan ya siku zijazo. Onyesonwu ni binti aliyezaliwa kwa ubakaji wa kivita, na mwalimu wa uchawi anamkataa mara kwa mara kwa kuwa ni msichana. Anapofuzu, adhabu zake hazichagui. Rafiki yake anapouawa kwa kupigwa mawe, Onyesonwu anawapofusha watu wa mji huo. Uchungu wake unaeleweka, lakini upofu umewaangukia na wasiorusha jiwe. Okorafor haliweki jambo hilo kama ushindi, na hapo anawazidi waandishi wanaodhani kwamba mdhulumiwa hawezi kudhulumu.

Msomaji wa Kiswahili analo jambo kama hili katika maktaba yake tangu miaka ya 1950. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, jini mwanamke aitwaye Huria, aliyewahi kuokolewa na Adili, anamlipa wema huo kwa kumwokoa baharini alikotupwa na kaka zake kwa husuda. Anataka kuwaua, Adili anawaombea, na Huria anawageuza manyani, akimwamuru Adili awachape kila usiku. Hukumu ina haki ndani yake. Lakini aliyewekewa mzigo wa kuitekeleza ni yule aliyekwisha kusamehe, naye anachapa huku moyo unamuuma, kwa kuwa asipochapa ataadhibiwa yeye. Huria amemtendea kaka mwovu na kaka mwema kosa la aina moja: hakuna kati yao aliyeachiwa hiari. Adhabu inaondolewa kwa maombezi ya Mfalme Rai, na Huria, mwenye nguvu kuliko binadamu wote kitabuni, anakubali ombi hilo na kuwarudishia kaka hao maumbo yao. Katika kisa kizima, hakuna anapoonekana mwema kuliko hapo.